Mpaka Kindu kwa Macho ya Salima

Walimu wenzangu, kila mmoja wenu ameniuliza kwa wakati wake, na kila mmoja nimempa kipande tu. Mmoja nilimwambia habari za mto, mwingine habari za askari, na mwenzangu wa darasa la tatu aliambulia habari za samaki peke yake kwa sababu kengele ilitukatiza. Leo nimekaa nyumbani Kabondo, hapa Kisangani, umeme umekatika tangu asubuhi, mvua inanyesha polepole kama mtu asiye na haraka, na hakuna wa kuniita. Nitaisema safari yote jinsi ilivyokwenda, isipokuwa mambo ya vibali na mihuri. Hayo mnayajua, na hayana utamu.

Kwa wasiomjua, Salima ni mwanangu wa pekee, ana miaka tisa. Alizaliwa na uso wa mviringo, macho yaliyopanda kidogo pembeni na viungo laini, kama mtoto ambaye hajaamka vizuri. Alichelewa kukaa, akachelewa kutembea, na maneno yake hadi leo ni machache. Papa yake alishuka Kinshasa kwa kazi kabla uasi haujaanza. Mto ukafungwa nyuma yake, naye akabaki upande ule wa vita na sisi upande huu.

Mimi nimefundisha watoto wa watu kusoma miaka kumi na sita. Wangu nilimjaribu mwaka mmoja nikaacha. Nilimwonyesha picha, hakuangalia. Nilimchorea herufi ubaoni, aligeuka kucheza na kivuli cha mkono wake. Nikajiambia ndivyo alivyo, nikampenda hivyo hivyo, na bila kujua nikaacha kumwonyesha vitu.

Aliyeniamsha ni jirani yetu Papa Ramazani, fundi saa. Mnamjua, yule mzee wa Kiislamu ambaye meza yake iko karibu na msikiti, wa zile familia zilizokuja zamani na misafara ya biashara na kubaki. Siku moja Salima aliokota skrubu chini ya meza yake, akaisogeza jichoni mpaka ikagusa kope. Papa Ramazani alikuwa na lenzi yake ya kazi jichoni. Aliitoa, akamtazama mtoto kwa muda mrefu, kisha akaniambia taratibu:

"Mwalimu, huyu mutoto anaangalia kila kitu vile mimi ninaangalia saa. Mutu haangalie hivyo kama anaona."

Nilimjibu kwamba ni mambo ya akili. Alisema akili haijui ilipo skrubu, ni jicho linalojua. Wiki mbili baadaye alikuja mwenyewe nyumbani. Ndugu yake wa Kindu alimwambia kwa radiofoni kwamba daktari wa macho ametoka Bukavu, yuko pale kwenye zahanati kwa mwezi mmoja tu.

Bangboka

Tulitaka kwenda kwa ndege, kama watu wenye akili. Ndege za mizigo zilikuwa zinaruka kati yetu na Kindu, na mpakiaji mmoja wa uwanjani alinihakikishia kwamba tutapanda. Basi tulikwenda uwanja wa ndege wa Bangboka alfajiri na kikapu cha mikate, chupa ya maji na kitenge cha kulalia.

Tulikaa pale siku tatu. Uwanja ulikuwa mpana na mweupe, nyasi zimeota kwenye nyufa za lami, na joto lilifanya kila kitu cha mbali kitetemeke kama kiko ndani ya maji. Abiria tulikuwa kama kumi na tano, tumelala juu ya magunia ya maharage. Hakuna aliyejua ndege itatoka wapi. Mtu akisema anasikia mlio, sote tulinyamaza na kuinua nyuso, na baada ya muda ilikuwa ni nyuki au pikipiki.

Salima ndiye aliyefurahi kuliko wote. Ndege ilipotua siku ya pili, yeye hakuitazama. Alilala kifudifudi akaweka shavu kwenye lami, akausikiliza mtetemo kwa uso wake. Watu walicheka, si kwa ubaya. Mimi nilicheka pia. Leo nikikumbuka naona haya, kwa sababu ndege ilikuwa hatua chache mbele yake, kubwa kama nyumba mbili, na yeye alikuwa anaitafuta ardhini.

Ndege ile ilijaa masanduku na wanajeshi. Ya siku ya tatu vilevile. Nilimwendea mpakiaji nikamkumbusha ahadi yake. Alishangaa kweli. Kumbe aliposema tutapanda, alikuwa anasema kwa jumla, kama vile mtu anavyosema mvua itanyesha. Alinihurumia, akanielekeza.

"Madame, ndege iko ya benye nguvu. Wewe pita njia ya reli mpaka Ubundu, kisha ushike mto. Utafika, kama haukate tamaa."

Hesabu yangu ilikuwa rahisi. Daktari alikuwa amebakiza wiki tatu kasoro. Kesho yake tulivuka kwa mtumbwi kwenda Lubunga, ng'ambo ya mto, reli inakoanzia.

Reli

Mnajua garimoshi la Ubundu halijaenda siku nyingi. Reli ipo, lakini msitu umeirudia. Watu wanapita kwa miguu na baiskeli juu ya ukanda mwembamba kati ya vyuma viwili. Nilimpata mwenye toleka, baiskeli ya mizigo, anayeitwa Tonton Anselme, mtu mrefu, mkimya, ambaye kazi yake ni kusukuma chumvi kwenda Ubundu na kurudi na mafuta ya mawese. Hapandi baiskeli yake kamwe. Ameifunga fimbo kwenye usukani na nyingine nyuma ya kiti, anaiongoza kwa pembeni kama mtu anayetembea na ng'ombe wake. Salima alikaa juu ya gunia la chumvi, amefungwa kwa kitenge changu asianguke, na mimi nikawa nyuma.

Tulitembea hivyo siku nne. Sijui niwaeleze vipi. Asubuhi ukungu ulikuwa unasimama kati ya miti, na tulikuwa tunauingia kama watu wanaoingia chumba baada ya chumba. Nilikuwa namwona Anselme mpaka kiunoni, miguu yake haipo. Vipepeo vya manjano vilikuwa vinakaa kwenye gunia kunywa jasho la chumvi, na Salima, akiwa amelaza kichwa kwenye mikono, aliviangalia kwa ukaribu ule wake, vidole vitatu kutoka jichoni. Nadhani havikumwogopa.

Baba yangu alikuwa mchochea moto kwenye garimoshi hilo. Nilipokuwa mdogo alikuwa akitusimulia mwaka wa uhuru, jinsi watu walivyopanda mabehewa siku nzima wakienda na kurudi bila safari yoyote, kwa sababu ya furaha tu, naye akitia kuni mpaka nyusi zikaungua. Nilimsimulia Anselme. Alisema kwamba babake alikuwa mmoja wa watu hao. Yeye Anselme alizaliwa kwenye stesheni ambayo babake alishuka siku hiyo akachoka kurudi.

Tulikula tulichokuta. Kijiji kimoja walitupa lituma, ndizi zilizopondwa zikawa tonge laini, pamoja na viwavi vya kukaanga. Salima alikula viwavi kimoja kimoja, kila kimoja akikipeleka kwanza jichoni kukisalimu. Mama mwenye nyumba alidhani anatafuta uchafu. Alimnyang'anya, akaenda kuviosha upya na kuvikaanga upya, amenuna, na mimi sikupata maneno ya kumweleza. Tuliondoka bila kuelewana, lakini tumeshiba.

Kizuizi cha darajani

Siku ya tatu mchana tulifika kwenye daraja dogo lenye kizuizi cha mwanzi. Askari walikuwa kama kumi, wote vijana, na mkubwa wao alikaa kwenye kiti cha plastiki amevaa miwani myeusi ya jua. Anselme aliniashiria niangalie chini. Nilimshusha Salima ili wapekue gunia, na nilipogeuka mkono wangu ulikuwa mtupu.

Alikuwa ameshafika kwa yule mkubwa. Aliona kitu kinang'aa, akakifuata. Alisimama kati ya magoti yake, akausogeza uso mpaka pua yake ikakaribia kugusa pua ya yule askari, akaitazama miwani. Kisha akacheka. Nadhani alijiona ndani yake. Alinyoosha kidole, akagusa kioo.

Askari wote waliacha kazi. Mmoja alishika bunduki vizuri zaidi.

"Ananicheka?" yule mkubwa aliuliza, bila kusogea.

"Hapana, chef," nilisema. Sauti yangu ilikuwa ya mtu mwingine. "Haone mbali. Anatafuta uso yako. Niko namupeleka kwa munganga wa macho, Kindu."

Alivua miwani. Chini yake alikuwa kijana wa miaka ishirini, hata haifiki, mwenye macho mekundu ya mtu asiyelala. Aliuliza kazi yangu. Nikasema mwalimu. Akaipangusa miwani kwa shati, nikawaza mabaya yote yanayowazwa njiani. Mwishowe alisema:

"Bon. Basi utatuandikia. Mama yangu iko Uvira. Hajue kama niko muzima."

Hivyo ndivyo tulivyopoteza siku moja na nusu. Nilikaa kwenye kile kiti cha plastiki nikaandika barua kwa penseli, juu ya karatasi za pakiti za sigara na kurasa zilizochanwa kwenye daftari la mtu. Walipanga mstari kama wanafunzi wangu. Mkubwa wao alisema niandike kwamba anakula vizuri, na wakati huo alikuwa anatafuna muhogo mkavu uliochemshwa bila chumvi. Anselme alisikia. Alifungua gunia lake mwenyewe, akawapa chumvi bila kuombwa. Askari mmoja hakuwa na la kusema. Alikaa mbele yangu akifikiri, mvua ndogo ikapita, akaendelea kufikiri. Mwisho akaniomba niandike jina lake tu, wataelewa.

Barua zilikuwa kumi na moja. Nilizifunga kwenye kitambaa nikaziweka kifuani. Walipoinua mwanzi, yule mkubwa alimwinamia Salima ili amwangalie mara nyingine kwa karibu, naye akamwangalia kwa kituo, kama mtu anayesoma.

Mto

Ubundu tuliagana na Anselme. Hakutaka tuagane kwa maneno mengi. Alimkalisha Salima kwenye tandiko la baiskeli, akamzungusha mara moja kwenye uwanja wa bandari, akamshusha, akaondoka.

Kutoka pale tulipanda baliniera, ile mashua ndefu ya mbao yenye injini ambayo wafanyabiashara wameizoea tangu meli zife. Ilibeba mbuzi, mapipa, mikeka, kuku kwenye vitundu, na watu hamsini. Nafasi yetu ilikuwa juu ya marobota ya nguo kuukuu. Jirani yangu alikuwa Mama Afua, mwanamke mnene wa Kindu mwenye makapu sita ya samaki wa kukausha. Aliniita mdogo wake kabla sijamwambia jina langu.

Mto ule juu ya maporomoko si mto wetu wa Kisangani. Ni mpana na hauna sauti. Asubuhi maji na anga huwa na rangi moja, na mashua inakwenda katikati bila kuonekana inakwenda. Nililala nikaamka, nikalala nikaamka, na kila nikiamka kisiwa kilekile kilikuwa pale, au ndugu yake. Nilikuwa namwota mume wangu yuko kwenye mashua nyingine inayopita upande wa pili wa ukungu. Salima alining'inia ubavuni mwa mashua, uso karibu na maji, akiimba wimbo wake usio na maneno.

Siku ya tatu tulikwama kwenye mchanga. Wanaume walishuka wakasukuma, injini ikavuma, na hakuna kilichosogea. Jioni ikaja, asubuhi ikaja, na bado tuko pale. Msituni kando ya mto kulikuwa na wapiganaji wa Mai-Mai, na upande wa pili sijui nani. Hakuna aliyetaka kuonekana akikaa mahali pamoja. Hofu ilipoanza kuhitaji mtu wa kumwangukia, ilimpata mwanangu.

Mwanamume mmoja aliyekuwa mbele alisema alimwona mtoto yule siku nzima akiyanong'oneza maji. Mwingine akasema ana uso usio wa kawaida. Neno ndoki, yaani mchawi, lilitoka mahali fulani nyuma, polepole, likapita kutoka mdomo hadi mdomo mpaka likatufikia. Walisema hawana ubaya na mimi. Walisema mtoto ashushwe kwenye mchanga, mashua iondoke, na mimi nichague nitakavyo. Nahodha aliangalia injini yake. Nilimkumbatia Salima kwa nguvu mpaka akalia, na kilio chake wakakiita ushahidi.

Nilitaka kusema na nikakosa sauti. Mimi ninayesema mbele ya watoto sitini kila siku.

Mama Afua hakusimama. Alifungua kapu, akachagua samaki mkubwa, akaweka kwanga, ule mkate wa muhogo, na samaki kwenye sahani moja, akaja kukaa kati yetu na wao. Alimmegea Salima, akala yeye, akammegea, akala. Alikula kwa utulivu, akitoa miiba mmoja mmoja, mpaka watu wote wakamwona. Hakuna mtu anayekula sahani moja na mchawi. Kisha akasema, bila kupandisha sauti:

"Huyu mutoto haone. Anaweka uso kwa maji kwa sababu kule mbali kwake hakuna kitu. Mimi nimezaa kumi na mmoja, najua mutoto na najua mulozi. Kama munamushusha, na mimi nashuka na samaki yangu. Alors mutakula nini mpaka Kindu?"

Mmoja wa wale wanaume, yule aliyeanza, alishuka mchangani peke yake akaanza kuchimba chini ya mashua kwa sahani ya bati. Wengine wakamfuata. Mbuzi na mapipa vilishushwa kwanza, jambo ambalo lilipaswa kufanyika tangu jana yake, na saa sita mchana tulielea. Yule mwanamume hakututazama tena mpaka mwisho wa safari. Lakini siku ya kushuka nilikuta ameninyanyulia mzigo wangu mpaka ukingoni, ameuacha pale na kuondoka.

Kindu

Daktari alikuwa amebakiza siku nne. Zahanati ilikuwa nyumba ndefu ya matofali mekundu, na watu walikuwa wamejaa kwenye baraza tangu alfajiri, wengi wazee wenye macho meupe ya mtoto wa jicho. Tulingoja siku nzima. Zamu yetu ilipofika, muuguzi alimsimamisha Salima mbele ya ubao wa herufi na kumwambia aonyeshe kwa mkono miguu ya herufi E inaelekea wapi. Salima alikaa chini. Alimwinua, akakaa tena. Muuguzi alinigeukia na uso wa huruma.

"Mama, huyu hapimwe. Akili yake haifike kwa ubao."

Hakusema kwa dharau. Alisema neno lilelile nililojiambia mimi mwenyewe miaka mingi, na kulisikia kutoka kwa mtu mwingine kuliniuma kwa namna ambayo sikutarajia. Nilichukua kikapu. Nilikuwa nimeshafika mlangoni. Salima alikuwa na karanga mkononi, akaisogeza jichoni kuiangalia kabla ya kuila, na mtu nyuma yangu akasema: "Ngoja kidogo."

Alikuwa daktari mwenyewe, Docteur Faida, mwanamke mfupi wa makamo mwenye koti lililofuliwa mpaka likawa la kijivu. Alimwomba Salima karanga moja kwa ishara. Salima alimpa. Daktari aliila, akashukuru, akatuingiza chumba kidogo chenye dirisha lililozibwa kwa blanketi.

Mle gizani nilimpakata Salima, na daktari alikaa mbele yetu. Alikuwa na kifaa kidogo chenye mwanga mwembamba kama uzi. Aliupitisha mwanga ule kwenye jicho la mtoto, kutoka upande hadi upande, polepole, akiweka kioo kimoja mbele ya jicho, akitoa, akiweka kingine. Hakumwuliza chochote. Alinieleza kwa sauti ya chini kwamba mwanga ukiingia hurudi, na jinsi unavyorudi ndani ya mboni humwambia jicho linahitaji nini. Mtoto mchanga anaweza kupimwa hivyo, bubu anaweza, aliyelala anaweza. Si lazima mtu ajue herufi ili jicho lake lisikilizwe. Salima aliupenda ule uzi wa mwanga. Alitulia kwenye mapaja yangu kuliko alivyowahi kutulia.

Halafu daktari alinieleza mambo ambayo hakuna aliyenieleza kwa miaka tisa. Kwamba watoto wa namna ya Salima wapo duniani kote, na hali yao ina jina. Wanaiita trisomi, na mtoto huzaliwa nayo, si kosa langu wala la papa yake. Kwamba wengi wao wana macho dhaifu, na karibu kila mara watu hudhani ni akili peke yake, hawaangalii macho. Nilimwuliza Salima anaona kiasi gani.

Daktari alifungua dirisha, akaniomba nisimame, akaweka vioo viwili mbele ya macho yangu.

Baraza lilitoweka. Watu wakawa madoa ya rangi yanayoelea. Mti wa uani ukawa moshi wa kijani. Nilimtafuta muuguzi aliyekuwa hatua tano mbele yangu, sikumpata, nilipata weupe tu unaosogea, na weupe ule haukuwa na uso. Niliinua mkono wangu, nao ukawa wazi tu ulipofika karibu kabisa, vidole vitatu kutoka jichoni.

"Hivi kila siku?" niliuliza.

"Kila siku," daktari alisema. "Tangu alizaliwa."

Nilikaa chini. Nilifikiria ubao wangu na chaki yangu, na mwaka ule mzima niliosimama mbali naye nikimwonyesha herufi.

Miwani ilitoka kwenye sanduku la miwani za watu wengine, zilizokusanywa mahali fulani na kutumwa. Daktari alipekua muda mrefu akitafuta inayokaribiana na vipimo vyake. Aliyoipata ilikuwa ya kike ya mtu mzima, rangi ya kahawia. Ilimteleza, kwa sababu pua ya Salima haina mgongo wa kuishikilia. Daktari alichomoa lastiki kwenye mkono wa koti lake, akaikata, akaifunga nyuma ya kichwa.

Msidhani Salima alifurahi. Aliivua akaitupa. Nilimvalisha kwa nguvu, akapiga kelele, akafumba macho. Daktari alisema ulimwengu umemrukia mara moja, nisimlazimishe. Nimvalishe muda mfupi tu, akiwa na kitu anachokipenda, kisha nimvue kabla hajachoka. Siku mbili tulishindana kwa karanga nyumbani kwa Mama Afua. Barua za askari nilimkabidhi daktari, ambaye alikuwa anarudi Bukavu. Alizihesabu, akaziweka kwenye mfuko wa vifaa vyake bila kuuliza.

Siku ya tatu asubuhi tulikuwa ukingoni, Mama Afua anaosha makapu. Nilimvalisha Salima miwani na karanga mkononi. Alitafuna. Aliangalia maji, kisha mbele ya maji, kisha mbele zaidi. Akaacha kutafuna. Ng'ambo ya pili kulikuwa na mtu ndani ya mtumbwi, mdogo kama sindano. Mimi mwenyewe nilimwona kwa taabu. Salima alisimama. Aliinua mkono juu, wote, kama anavyofanya mtoto anayejua jibu. Yule mtu aliacha kupiga kasia. Alisimama kwenye mtumbwi wake, taratibu asipinduke, na yeye akainua mkono.

Hata mmoja wao hakuushusha kwa muda mrefu.

Kurudi

Kushuka mto ni haraka, na sina mengi. Hatukukwama. Salima alikaa mbele ya mashua ameshika miwani kwa mikono miwili, na kila kitu kilipopita alikinyooshea kidole nami nikakitaja: ndege, moshi, mbuzi, mtu. Nilikuwa na miaka tisa ya kutaja, sauti ilinikauka.

Pale darajani hapakuwa na mtu. Kizuizi kilikuwa kimelala kwenye nyasi, na majivu yalikuwa ya zamani. Mwenye baiskeli tuliyekuwa naye safari hii hakujua askari walikwenda wapi. Tulipita bila kusimama.

Nyinyi mnaniuliza kama sasa anasoma. Hasomi. Huenda hatasoma. Miwani haikuondoa lile alilozaliwa nalo, na daktari alinionya mapema nisiidai kazi isiyo yake. Anayajua maneno kumi na manne zaidi ya alipoondoka. Anamimina maji kwenye kikombe bila kumwaga. Anacheza na watoto wa jirani, na anajua ni nani anayemwibia zamu.

Na kuna jambo moja ambalo sijamwambia yeyote. Wiki iliyopita barua ya papa yake ilifika, imezunguka nchi mbili mpaka kutupata. Niliisoma nimesimama kando ya kisima, na Salima alikuwa barazani, ng'ambo ya uwanja, anachambua mchicha. Nililia. Miaka yote nimekuwa nikilia mbele yake bila kujificha, kwa sababu niliamini hajui. Nilikuwa nalia na kukoroga chungu, nalia na kumsuka nywele, uso mkavu kwa majirani, na kwake mlango wazi.

Alisimama. Aliweka mchicha chini kwa uangalifu. Alivuka uwanja wote moja kwa moja akiniangalia usoni, bila kutazama miguu yake, akafika, akainua kiganja chake na kunipangusa, shavu hili, kisha lile.

"Mama," alisema. "Naona."